Kulazimika Si Kulazimishwa

Wako wasomi wadaio kwamba lazima, sharti na shuruti ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba mwandishi aweza kutumia lolote pasipo hasara. Dai hilo ni potofu. Hasara yake yaonekana wazi katika historia ya Tunduma, mji wa Tanzania ulio mpakani na Zambia.

Januari 1973 serikali ya Ian Smith ilifunga mpaka wa Rhodesia na Zambia. Vitabu vyasema Zambia "ililazimika" kuigeukia njia ya Tunduma. Kwa mwezi mmoja kauli hiyo ni kweli. Lakini Smith alipoufungua mpaka Februari, Rais Kaunda alikataa kurudi kusini. Tangu hapo Zambia haikulazimika, ilichagua, na heshima ya uchaguzi huo ni yake. Mwaka 1978, mbolea ilipohitajika na njia ya kaskazini ikazidiwa, ndipo Zambia ilipolazimika kwa hakika kuifungua reli ya kusini.

Reli ya TAZARA ilifika Tunduma Agosti 1973. Novemba mwaka huo huo Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wakulima wote wawe vijijini. Amri hiyo ilikuwa ya nchi nzima, na Mkoa wa Mbeya, ambao Songwe ilimegwa kwake mwaka 2016, haukuachwa kando. Naye mwaka 1967, katika "Ujamaa Vijijini", alikuwa ameshikilia kwamba jambo hilo ni la hiari.

Mwandishi aandikaye leo kwamba wakulima "walilazimika kuhama" amewafananisha na watu waliokimbia mafuriko. Kauli ya kutendeka haina mtenda. Kauli ya kutendeshwa yamdai. Walilazimishwa: na nani? Swali hilo ndilo linalokwepwa, na kitenzi ndicho kichaka. Hata shuruti, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sharti tu, yaani neno la mapatano kati ya watu wawili. Lilipogeuka kuwa nguvu, mmoja wao alinyang'anywa kauli.

Yamkini atatokea wa kujibu kwamba serikali nayo ilibanwa: shule, zahanati na maji havikuweza kuwafikia watu waliotawanyika. Huenda ni kweli. Lakini hizo ni sababu za aliyeamuru, wala si za aliyehama. Na ziandikwe katika sentensi yake mwenyewe, serikali ikiwa ndiyo mtenda.