Ziwa Lipimwe Kandokando

Katika habari za Ziwa Viktoria hutangulia tani za sangara na dagaa, na idadi ya mitumbwi hufuata. Ama hali ya maji ya kandokando, ambayo akina mama wa Kasenda, wilayani Chato, huyachota kwa ndoo, na ambamo sato huchimba viota vyao, hiyo aghalabu hukosa kipimo. Upungufu huo ni mkubwa, maana ziwa hili, ijapokuwa eneo lake hupata kilomita za mraba 68,800, kina chake hakifiki mita 90 popote, na kila kitokacho bara, kikiwa ni mbolea ya mashamba au maji ya machimbo, huyakuta kwanza maji haya kabla ya kufika kilindini.

Kisahani kifungwacho kwa kamba na kuzamishwa mpaka kisionekane, ambacho padri Mwitalia Angelo Secchi alikitumia mwaka 1865, kingali kinafaa kuonyesha uangavu wa maji. Walakini karibu na nchi kavu tope la mvua na mwani huyatia maji giza sawasawa, na kwa kuwa dawa ya tope na ya mwani ni mbalimbali, hatuna budi kuupima na mwani wenyewe. Oksijeni nayo ipimwe kabla ya alfajiri, kwani usiku mimea ya majini huitumia bila ya kuitoa, na apimaye adhuhuri huenda akaliandikia ziwa afya lisiyokuwa nayo.

Kubwa zaidi kwetu ni zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kukamatia dhahabu. Iingiapo katika tope la majini, bakteria huigeuza ikawa sumu ipandayo toka viumbe wadogo hadi samaki walao samaki, na hatimaye mezani petu. Serikali iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020; basi tope la midomo ya mito lipimwe maabara kabla ya masika na baada yake, kila mwaka bila ya kukosa.

Marekani na Kanada, zilipourekebisha mwaka 2012 mkataba wao wa maziwa makuu, ziliyawekea maji ya kandokando mpango wake mahsusi. Sisi tunayo TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, yenye kituo Mwanza, na tunavyo vikundi vya BMU, visimamiavyo uvuvi mialoni, vyenye watu waijuao kila ghuba: wafundishwe, wapewe vifaa, matokeo yabandikwe mialoni kwa Kiswahili, na halmashauri itenge fungu la kazi hiyo katika ushuru uleule inaoutoza samaki.