Tovuti nzuri ni ile inayosomeka Msimbati

KUTOKA SHANGANI
Na Hamisi Mchopa

Kila mafunzo ya TEHAMA yanayoshuka Mtwara siku hizi yanakuja na ahadi kubwa. Kwa wiki mbili kijana atatengeneza programu ya simu. Akiongeza wiki moja, ataitumikisha akili mnemba. Ukumbi unajaa, fulana zinagawiwa, vyeti vinatolewa, mgeni rasmi anapiga picha na wahitimu. Baada ya hapo wahitimu walewale wanaulizana WhatsApp ni wapi watapata kiolezo cha tovuti cha bure, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni kule Mikindani anataka ukurasa na hakuna kati yao anayeweza kuandika mistari kumi ya CSS kwa mkono wake. Tumeanzia mwisho.

Sina ugomvi na akili mnemba. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa somo. Kijana anayetaka kula kwa kazi ya tovuti hapa kwetu, CSS ndiyo ya kumfaa kwanza, na aisome akiwa ameshika simu ya bei nafuu, si akikodolea macho skrini kubwa ya ukumbini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuigusa: ukurasa wa tovuti huandikwa kwa HTML, ambayo kazi yake ni kutaja kipi ni kipi. Hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni jedwali. CSS ndiyo inayosema vitu hivyo vionekane vipi: ukubwa wa herufi, rangi, nafasi ya kupumulia pembeni, picha ikae wapi. Viwili hivyo vinakaa mbalimbali, na humo ndimo faida ilimo. Ukitaka kubadili sura ya kurasa mia, unagusa faili moja.

Mfano tunao. Mwaka 2017 Serikali ilizindua kwa mkupuo tovuti za mikoa 26 ya Bara na halmashauri 185, zote zikitumia kiolezo cha aina moja. Wapo waliocheka kwamba ukifungua ya Mtwara au ya Kigoma huoni tofauti ila jina na picha ya mkuu wa mkoa. Mimi sikucheka. Mwananchi anayejua pa kubofya kwenye tovuti ya Tandahimba hapotei kwenye ya Newala, na kasoro ya sura ikigunduliwa, dawa yake ni moja kwa wote. Wanaonitia wasiwasi ni sisi wengine: vyama, shule, hoteli, waongoza watalii, na vijana tunaowapa kazi hizo.

Aliyeleta wazo hili ni Mnorwei, Håkon Wium Lie, alipokuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi. Pendekezo lake alilitoa tarehe 10 Oktoba 1994. Mholanzi Bert Bos akajiunga naye, na Desemba 1996 toleo la kwanza likapitishwa rasmi. Baadaye Lie akawa mkuu wa teknolojia wa kampuni ya Opera, na hapo hadithi inatufikia sisi, maana wenye umri wangu tunaikumbuka vizuri Opera Mini kwenye simu za vitufe. Ilikuwa inaubana ukurasa kwenye seva zake kabla ya kuuleta kwako, na bando la siku likafika jioni. Mapambo mengi yalikuwa yanaachwa njiani. Habari ilifika.

Ila jambo la Lie ninalolipenda kuliko yote ni kwamba tangu mwanzo aliweka sauti mbili ndani ya mfumo wake: ya aliyeutengeneza ukurasa na ya anayeusoma. Msomaji naye anaruhusiwa kuwa na maagizo yake, kwamba kwangu herufi ziwe kubwa, kwangu mandhari iwe nyeusi. Toleo la pili, la Mei 1998, likaamua kesi iliyokuwa inasumbua: mtengenezaji na msomaji wakigongana, na kila mmoja amesisitiza kwamba lake ni la lazima, la msomaji ndilo linalopita. Mtaalamu wa mji mkubwa anaweza kuchora atakavyo, lakini neno la mwisho ni la bibi wa Ruvula anayetaka herufi zikuzwe.

Sasa tazameni tunavyomnyang'anya haki hiyo. Fundi anaandika ukubwa wa herufi kwa pikseli, mathalani 12px, badala ya kutumia kipimo cha rem kinachofuata ukubwa ambao msomaji ameuchagua kwenye kivinjari chake. Bibi anaongeza herufi kwenye mipangilio, ukurasa hautikisiki. Halafu anakuja na rangi ya kijivu kilichopauka juu ya nyeupe, kwa sababu amekiona kwenye tovuti ya kampuni ya Ulaya na kimempendeza. Chumbani kinapendeza kweli. Kitoe Msimbati saa saba mchana, pale kwenye mchanga mweupe ambapo hata ukivaa miwani unakunja uso, uone kama utasoma neno. Miongozo ya kimataifa ya usomekaji wa tovuti, ya mwaka 2008, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari kwa kiwango cha angalau 4.5 kwa 1. Kijivu kinachoandikwa #999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3. Kukibadilisha ni kazi ya sekunde tano.

Na hili la kijivu lina watu wake. Mvuvi anayetaka kujua upepo wa kesho hasomei ofisini. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, sisi wa Mtwara tulikaa macho tukisubiri taarifa hadi kikapinda na kupiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 kikaja Hidaya, na haikupita muda, tarehe 12 ya mwezi huohuo, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Siku kama hizo ukurasa uliojaa picha zinazojibadilisha na herufi za mapambo zinazopakuliwa kutoka nje haufunguki. Ule mwepesi unafunguka.

Niende kwenye korosho, maana Mtwara ukiongea bila korosho watu wanaondoka. Tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei zinazopatikana zinanakiliwa na kurushwa huku na huku na kurasa ndogondogo zisizo na idadi. Mkulima mmoja alinionyesha ukurasa wa namna hiyo kwenye simu yake. Ulikuwa na jedwali: tarehe, chama, ghala, daraja, kilo, bei. Simu yake, kama zilivyo nyingi za bei ya chini, inakipa kivinjari upana wa pikseli 360 hivi. Aliyechora jedwali alikuwa ameandika upana wa 900px. Kwa hiyo mkulima aliona tarehe, akaona chama, akaona nusu ya ghala. Bei, ambayo ndiyo aliyoifuata, ilikuwa nje ya kioo upande wa kulia, na ukurasa ulikuwa umezuiwa kusogezwa. Alidhani haijatangazwa.

Dawa yake? Kufuta ile 900px, kuandika width: 100%, kuficha safu zisizo za lazima kwenye skrini ndogo, na kwenye kisanduku kinachobeba jedwali kuongeza overflow-x: auto ili likizidi lisogezwe kwa kidole. Mwenye kuelewa anachokifanya anamaliza chai haijapoa. Na akiongeza maagizo ya uchapishaji, ambayo CSS inayo tangu 1998, jedwali hilohilo litatoka safi kwenye karatasi bila menyu wala matangazo, libandikwe ukutani kwa chama kwa ajili ya wasio na simu janja. Sijaona anayefanya hivyo, na katibu wa chama bado ananakili kwa kalamu.

Inafundishika? Sana, na kwa gharama ambayo haihitaji mfadhili. Hulazimiki kuwa na intaneti muda wote: unaandika faili mbili, unazifungua kwenye kivinjari, unaona. Asiye na kompyuta anaweza kuanza kwenye simu ya Android kwa programu ya bure kama Acode. Kuhusu lugha, freeCodeCamp, shirika la Marekani lililoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, limeiweka lugha yetu kwenye orodha ya lugha za mafunzo yake ya bure, na kozi ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya kuanzia ni hiyohiyo ya kubuni kurasa zinazojirekebisha kulingana na skrini. Mtindo huo wa ubunifu ulipata jina mwaka 2010 kwa makala ya Mmarekani Ethan Marcotte, wakati wengi wetu bado tunabofya vitufe.

Ugumu upo, nisiwadanganye vijana. CSS haigombi. Lugha nyingine za programu ukikosea zinapiga kelele na kukuonyesha mstari. Hii inaruka kimyakimya agizo isiloelewa na kuendelea. Ukisahau nukta-mkato, agizo hilo na linalofuata yote yamekwenda, na hakuna wa kukuambia. Sisi tuliosomeshwa Kiingereza cha Uingereza tuna balaa letu la ziada: mwanafunzi anaandika colour kama alivyofundishwa darasani, rangi haiji, anabaki kuilaumu simu. CSS inaijua color tu. Mwalimu anayelijua hilo anamwokolea mwanafunzi alasiri nzima.

Kinachofuata kuwatoa jasho ni pale maagizo mawili yanapogusa kitu kimoja. Hapo fikiria sare ya shule. Wanafunzi wote shati jeupe, ni amri ya jumla. Viranja tai nyekundu, hiyo inawahusu wachache. Kiranja mkuu koti, huyo ni mmoja. Amri inayomlenga mtu kwa karibu zaidi ndiyo inayoshinda, na zikilingana uzito, iliyotamkwa mwisho ndiyo inayofuatwa. Aliyeshika hilo ameshika nusu ya kazi. Asiyeshika ataanza kupachika neno la kulazimisha, !important, kila mstari, na baada ya mwezi faili lake halitaki kuguswa na mtu, hata yeye mwenyewe.

Zoezi la kwanza ningelitoa hapahapa pwani: ratiba ya maji kujaa na kupwa. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, ina eneo la kilomita za mraba 650 hivi, na anayeingia humo, awe mvuvi, mama anayeokota chaza, au mwongoza watalii, anaishi kwa ratiba hiyo. Mwanafunzi achore jedwali la mwezi mmoja lisomeke kwenye simu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ziwe na rangi yake. Uzuri ni kwamba majina ya makundi unajitungia: unaandika .bamvua, chini yake unaweka rangi, na kivinjari kinakubali bila kuuliza ni lugha gani. Siku za maji mafu ziitwe .mafu. Mtoto wa Msimbati atalielewa faili hilo kabla ya mtaalamu wa California.

Najua nitaambiwa kwamba sasa hivi akili mnemba inaandika CSS yote kwa sekunde, ya nini kuhangaika. Sawa, inaandika. Lakini itakuandikia kwa mujibu wa ulichoomba, na asiyejua kwamba simu ya mkulima ina upana wa 360 hataomba. Atapewa ukurasa unaong'aa kwenye kompyuta mpakato yake, atalipwa, ataondoka. Kiolezo cha bure nacho ni vilevile: kinakuja na maelfu ya mistari, unayoihitaji ni michache, na mingine yote inakula bando la mtu mwingine. Kazi iliyobaki kwa binadamu ni kuona kasoro na kujua mstari upi wa kugusa, na hilo halipatikani bila kuandika mwenyewe mara nyingi.

Tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza kwenye baadhi ya sekondari zetu. VETA ipo hapa mjini, chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris kipo. Wakufunzi wenye uwezo wapo. Ninaowafahamu wanalalamika kwamba kompyuta ni chache, na mimi nawajibu kwamba kwa somo hili waanze na simu ambazo wanafunzi tayari wanazo mfukoni.

Wenye fedha za kulipa mafundi nao wana sehemu yao. Vyama vya msingi, wenye hoteli wa Mikindani, shule, na yeyote anayeandaa zabuni ya tovuti, nawaomba muongeze sharti moja kwenye mkataba. Siku ya makabidhiano kusiwe na projekta. Fundi aazime simu ya bei ya chini kabisa iliyopo pale, atoke nayo nje mchana wa jua kali, na mmoja wa wanakamati aliyezidi miaka 60 asome bei, tarehe na namba ya simu kwa sauti. Akisoma, fundi alipwe siku hiyohiyo. Akishindwa, fundi arudi kazini.