CHUO KIKUU CHATAZAMA DUNIA, NA SISI JE?



Kila siku kabla ya jua kutoka, sisi wa Kinoo twashuka Waiyaki Way kungoja gari. Wengine huenda viwandani, wengine madukani mjini, na wako wenzetu ambao kazi yao ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi: Kikuyu upande mmoja, Kabete upande wa pili, na Chiromo na mjini huko mbele. Ni makarani, wapishi, madereva, walinzi, watu wa maabara na wachunga ng'ombe wa mafunzo. Kwa hiyo mambo ya chuo hicho si ya maprofesa peke yao. Ni mambo ya Kinoo pia.

Siku hizi husemwa sana kwamba chuo kikuu kizuri ni kile kinachotazama dunia. Iko kampuni huko London ambayo hupanga vyuo vya dunia nzima kwa namba, cha kwanza mpaka cha mwisho, na kipimo chake kimoja ni hicho. Huhesabu wanafunzi waliotoka nchi za nje, walimu wa kigeni, na maandiko yaliyoandikwa pamoja na wataalamu wa ng'ambo. Basi, imekwisha. Hatuipingi hesabu hiyo, lakini twaona ni fupi.

Chuo chetu hakikungoja kampuni hiyo ije kukifundisha. Hati yake ya kifalme ilitolewa mwaka 1951, kikiitwa Royal Technical College, nacho kilikuwa cha Afrika Mashariki yote. Wahindi waliokuwa wakichanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi waliunganisha mchango wao nacho, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1956. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Chansela akawa Mwalimu Nyerere. Mwaka 1970 muungano ukavunjwa, kila nchi ikachukua chake. Basi kijana wa Kampala au wa Moshi, ambaye zamani alikuwa mwenyeji hapa, leo akija anahesabiwa mgeni, na chuo kinapewa alama kwa ajili yake! Hapo twacheka kidogo.

Na wafanyakazi wamo katika habari hii tangu zamani. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, ndiye aliyehangaika kuwatafutia vijana wetu nafasi za masomo Marekani, na mwaka 1959 ndege ikawachukua wanafunzi 81. Katika wale waliofuata mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai. Aliporudi aliajiriwa Chuo Kikuu, idara ya anatomia ya mifugo, chini ya profesa Mjerumani, Hofmann. Akaenda Ujerumani kuongeza masomo, na mwaka 1971 akapata digrii ya udaktari hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati.

Huyo alikuwa mtu wa dunia kweli kweli. Lakini alipotazama masharti ya kazi aliona kwamba mwalimu mwanamke hapewi haki za nyumba na marupurupu mengine sawasawa na mwanamume wa cheo kile kile. Hakunyamaza. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilishika jambo hilo, na wakataka jumuiya ya walimu igeuzwe iwe chama cha wafanyakazi kamili ili kiweze kudai. Korti ikakataa. Hata hivyo mengi waliyoyadai yalipatikana baadaye. Leo iko taasisi ya chuo yenye jina lake huko Kabete, si mbali na sisi. Mgeni akifika ataambiwa habari za miti na Tuzo ya Nobel ya 2004, na ni haki. Twaomba aambiwe na hii habari ya nyumba.

Sasa tutazame mpango wa chuo chenyewe. Mwaka 1983 kiligawanywa kuwa koleji sita, kila moja na mkuu wake na ofisi zake. Mwaka 2021 wakubwa wakaziondoa koleji hizo na kukusanya kazi katika vitivo vichache. Pengine ofisi zilikuwa nyingi mno, hatubishi. Lakini ofisi ikifungwa, profesa hubaki profesa. Karani ndiye wa kwanza kuuliza kesho ataketi wapi.

Mwaka 2005 chuo kilifungua Taasisi ya Confucius pamoja na chuo cha Tianjin, China. Mwaka 2024 Rais alimteua Mholanzi, Patrick Verkooijen, kuwa Chansela. Hatuna ugomvi na Mchina wala Mholanzi. Tunauliza tu: ikiwa nafasi ya juu kabisa imeweza kupewa mtu wa Ulaya, yule anayefungua milango ya chuo asubuhi amepewa nafasi gani?

Tazameni Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 jinsi ilivyotungwa. Katika Baraza la chuo iliweka mwenyekiti, mtu wa Wizara ya Elimu, mtu wa Hazina, mtu wa kuwasemea waliohitimu, wengine wa kuteuliwa na Waziri, na Naibu wa Chansela. Mfanyakazi hakutajwa. Mtu aliyemaliza masomo akaenda zake ana wa kumsemea. Yule anayepika, anayefagia na anayefundisha kila siku hana.

Na matokeo tumeyaona. Mapatano ya mishahara ya 2017 hadi 2021 yalikuwa bado hayajalipwa yote mwaka 2025. Walimu na wafanyakazi wa vyuo vya serikali wakagoma siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9. Tunajua kwamba fedha ziko Hazina, si katika Baraza. Lakini mwenye kudaiwa ana kiti mezani, na mwenye kudai yuko nje ya mlango.

Wakubwa wakisema jambo hili haliwezekani, tunawajibu kwamba hawana haja ya kupanda ndege kwenda London. Watazame Makerere, ndugu yetu wa 1963. Sheria ya Uganda ya mwaka 2001 yawapa wafanyakazi wa vyuo vya serikali, walimu na wasio walimu, haki ya kuchagua wenzao waingie Barazani. Ujerumani pia, wafanyakazi wasio walimu huchagua wajumbe wao katika seneti za vyuo.

Baadhi yenu mtasema kwamba mjumbe wetu akiisha kupewa kiti na chai atatusahau. Huenda. Ndiyo maana twataka achaguliwe kwa kura za siri, akae miaka miwili, na alete ripoti kwa tawi kila baada ya mkutano.

Tumeandika barua kwa Bunge tukiomba sheria ya 2012 irekebishwe, viti viwili vya Baraza viwe vya wafanyakazi, kimoja cha walimu na kimoja cha wasio walimu. Karatasi ya sahihi iko kwa katibu wa tawi hapa Kinoo mpaka mwisho wa mwezi. Asiye memba naye anaweza kutia sahihi.