Udongo wa Kariakoo Usitupwe Kabla ya Kusomwa

Katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma zinazidi kutoweka, na mahali pake panainuka maghorofa. Kazi ya kwanza ya kila ghorofa ni kuchimba msingi. Udongo utokao shimoni hupakiwa katika malori, ukaenda kumwagwa penye bonde la kufukia, wala hapana aulizaye kilichomo. Wananchi wameulalamikia ujenzi huo kwa mengi, na kwa haki, hasa baada ya ghorofa kuanguka Kariakoo mwezi wa Novemba 2024 na kuua watu. Hasara ya udongo haijapata mlalamikaji. Udongo huo ni waraka, na waraka hautupwi kabla ya kusomwa.

Msomaji atauliza kuna nini cha kusoma katika mji ambao umri wake hautimizi miaka 200. Kwa watu wengi elimu ya mambo ya kale ni Olduvai, ni Kilwa Kisiwani, au ni magofu ya Kunduchi na makaburi yake ya nguzo. Kariakoo ni mahali pa kununulia vitunguu. Jibu la swali hilo linatoka mbali, katika miji ya kale ya Wamaya wa Amerika ya Kati, nalo linahusu soko.

Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa na mashaka kama Wamaya walikuwa na masoko. Mahekalu yao yalionekana, na viwanja vyao pia, bali soko halikuonekana, kwa kuwa vibanda vya miti na majani huoza visibaki. Wengi wakadhani kwamba chakula kilikusanywa na kugawiwa na watawala. Lakini Chunchucmil, mji uliokuwa kaskazini-magharibi mwa rasi ya Yucatán nchini Meksiko, uliitia dhana hiyo katika matatizo. Huko udongo ni haba juu ya mwamba wa chokaa, na mvua ni chache, ilhali mabaki ya nyumba ni mengi kuliko watu ambao mashamba ya jirani yangeweza kuwalisha. Bruce Dahlin na wenzake walichukua sampuli za udongo katika uwanja mmoja wa katikati ya mji huo, wakapima fosforasi, kisha wakalinganisha na udongo wa soko linalotumika katika zama zetu mjini Antigua, Guatemala. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yaliafikiana: fosforasi nyingi ilijipanga kwa mistari, kama zipangwavyo safu za wauzaji. Kile ambacho jiwe halikukisema, udongo ulikisema.

Sababu yake ni kemia ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa. Fosforasi imo katika kila kiliwacho: nafaka, mboga, samaki, nyama na mifupa. Vitu hivyo vikimwagika, vikakanyagwa na kuoza, naitrojeni yake hupotea upesi hewani na majini, lakini fosforasi hushikamana na kalsiamu, chuma na alumini vilivyomo udongoni, ikakaa pale pale kwa karne nyingi. Palipouzwa vyakula, kiwango hupanda. Palipouzwa nguo, hubaki chini.

Wala mbinu hii si ngeni nchini. Katika kisiwa cha Songo Mnara, karibu na Kilwa, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walitumia kemia ya udongo kuchunguza maeneo ya wazi ya mji uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Watangulizi wao walivutiwa zaidi na kuta za matumbawe na vyombo vya Kichina; nafasi zilizokuwa kati ya kuta zilihesabiwa kuwa tupu. Sasa imefahamika kwamba katika nafasi hizo zilifanyika kazi za kila siku za watu wa mji.

Turudi Kariakoo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, na nyuma ya bandari yakapandwa mashamba ya minazi. Wajerumani wakaugawa mji kwa kanuni za ujenzi, kila kabila la watu na eneo lake, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga Waafrika na wengine. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo la magharibi ya uwanja huo lilifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo. Baada ya vita pakawa soko. Jengo kubwa la soko, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua mwezi wa Julai 2021.

Wapagazi hao wastahili kutajwa kwa kirefu. Makumi ya maelfu kati yao walikufa katika Afrika ya Mashariki kwa njaa, kuhara na malaria, wakibeba unga na risasi za watu wengine. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wengi wao hawakupewa kumbukumbu yenye majina yao. Watu wasioandikwa katika daftari huacha maandishi yao katika mashimo ya taka: majivu ya majiko, mifupa ya walichokula, vifungo, vigae vya vyungu. Kama mashimo hayo yamesalia chini ya Kariakoo, yamo katika mita chache za juu, zile zile ambazo tingatinga huzimaliza kwa siku moja.

Sheria haisaidii vya kutosha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye kwa kawaida huhitaji kutangazwa. Kwa tarehe hiyo, karibu jiji zima la Dar es Salaam limezaliwa nje ya ulinzi. Nani atatangaza shimo la taka ambalo bado hajaliona?

Wenye majengo watasema kwamba uchunguzi utawachelewesha, na hofu yao si ya kupuuzwa, maana viwanja vya Kariakoo ni ghali na mikopo ina riba. Lakini kinachoombwa si kusimamisha ujenzi. Ni siku tatu au nne kati ya kubomoa na kuchimba, ili tabaka za udongo zichorwe, sampuli zichukuliwe na vitu vyenye maana viokotwe. Sharti hilo lingeweza kuandikwa katika kibali cha ujenzi. Ni kweli vilevile kwamba udongo wa mjini umevurugwa, na kwamba vyoo vya shimo huongeza fosforasi hata pasipokuwa soko. Ndiyo maana kazi hii yataka mtu aliyefunzwa, asiyedanganywa na namba peke yake.

Shule nazo zina nafasi yake. Kipimo cha awali ni rahisi: udongo kidogo juu ya karatasi ya kuchujia, matone ya molibdeti ya amonia iliyoyeyushwa katika asidi ya haidrokloriki, kisha matone ya vitamini C iliyoyeyushwa katika maji. Fosfati ikiwapo, rangi ya buluu hutokea, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokoza na kuenea. Mwalimu wa kemia, akichunga asidi yake, aweza kulinganisha udongo wa gulio la kijijini na wa uwanja wa mpira, na wanafunzi wakachora ramani ya walichokipata.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu mwaka 1985, na wanafunzi wake wamechimba katika pwani na bara. Kutoka Mlimani hadi Kariakoo hazifiki kilomita 20.