Amandina Lihamba, jukwaani na kwenye filamu

Amandina Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, ni mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliandika *Hawala ya Fedha*, iliyotokana na kisa cha Sembène Ousmane wa Senegali, kisha akashirikiana na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya kuandika *Harakati za Ukombozi*. Shahada ya uzamivu aliipata Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na tamthilia baada ya Azimio la Arusha.

Kwenye filamu alionekana katika *Arusi ya Mariamu* (1985), lakini kazi inayostahili kutazamwa tena na tena ni *Maangamizi*, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyowakilisha Tanzania kwa mara ya kwanza kwenye kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2001. Humo Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili aliyejifungia katika ukimya wa miaka mingi. Kumbeba mhusika asiyesema, kwa macho na mabega tu, ni kazi ngumu mno, naye aliiweza kikamilifu.

Pamoja na Penina Muhando alianzisha pia Tuseme, mradi unaowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kueleza yanayowakwamisha masomoni.