Mazungumzo ya Jioni: Kazi Isiyokwisha na Macho ya Mwenzako



Kati ya maswali ambayo vijana hutuletea, liko moja lirudilo mara kwa mara, ingawa kila mmoja huliuliza kwa maneno yake. Huyu ana daftari la michoro, amelificha chini ya godoro. Yule anatunga mchezo wa kuigiza, amefika katikati, amekwama. Wa tatu amepata sauti ya wimbo mpya wa kwaya, lakini ubeti wa pili unakataa kukaa mahali pake. Nao wote huuliza: Je, yafaa kumwonyesha mtu kazi ambayo haijakwisha, au ni afadhali kungoja mpaka itimie?

Wengi hujibu upesi: Ngoja. Husema kwamba kazi nusu humletea mwenyewe aibu, na ya kuwa mtazamaji atacheka, au ataiba wazo. Sisi jibu letu ni jingine. Lakini kabla ya kulitoa, tutazame kwanza mambo yaliyotokea hapa kwetu Kongo, upande wa Katanga. Maana huko walikuwapo watu ambao hawakupata kuingia shule yoyote ya uchoraji, na picha zao leo zinatunzwa katika nyumba za makumbusho za ng'ambo.

Mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya Ubelgiji, jina lake Georges Thiry, alikuwa Bukama, penye mto Lualaba. Huko aliona nyumba zilizopakwa picha juu ya kuta. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora juu ya karatasi, na mkewe Antoinette naye akachora. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa mjini Brussels, katika jumba kubwa la sanaa.

Watu hutaja habari hii kwa ajili ya Brussels. Mimi napenda zaidi kufikiri juu ya ule ukuta. Picha iliyo juu ya ukuta haina siri. Tangu mstari wa kwanza, kila apitaye njiani huiona: wazee watokao shambani, wanawake wenye mitungi, watoto. Mtoto aweza kusimama na kusema, «Chui huyu amesahau mkia,» na fundi akacheka, akauongeza mkia. Mvua ikinyesha, picha huharibika, naye huanza tena, pengine vizuri zaidi. Karatasi haikuwa hivyo. Karatasi ilifungwa, ikavuka bahari. Kati ya mchoraji wa Bukama na mtazamaji wa Brussels palikuwa na bahari hiyo, na lugha ngeni, na mtu wa katikati. Baada ya miaka michache maombi ya picha yalikoma, na Lubaki akasahauliwa muda mrefu. Mwaka 2015 picha zake zilionyeshwa tena mjini Paris, katika maonyesho makubwa ya uchoraji wa Kongo, naye hayupo wa kusikia lolote.

Sikilizeni sasa habari ya pili. Mwaka 1946, mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua mahali pa kuchorea palipoitwa Le Hangar, maana yake banda. Waliokuja humo hawakuwa wachoraji wa vyeti. Mmoja, Bela, mtu wa kabila la Wasara kutoka nchi ya Chad, alikuwa mtumishi wake mwenyewe. Mwingine aliitwa Pilipili Mulongoy, na mwingine Mwenze Kibwanga, na wengine pamoja nao. Mwalimu huyo hakuwawekea mbele picha za Ulaya wazifuate. Aliwapa rangi na nafasi, akawaachia kila mmoja atafute mwenyewe njia ya mkono wake.

Basi fikirini. Watu kadhaa wanachora pamoja. Jirani huona kazi ya jirani tangu asubuhi: aona penye mashaka, penye kufuta, penye kuanza tena. Kama ingekuwa kweli kwamba kuonyesha kazi mapema ni kuibiwa, basi picha za banda lile zingefanana zote kama sahani za duka moja. Kumbe sivyo. Bela aliacha brashi, akapaka rangi kwa ncha za vidole, hata picha yake yote ikawa madoadoa. Mwenze alijaza picha kwa vistari vifupi vilivyopangwa karibu karibu, kama mkeka uliosukwa. Pilipili alichora ndege, samaki na nyoka kwa uangalifu mwingi, na nyuma yao majani na vidoa visivyoacha nafasi tupu. Ukiziweka picha tatu mezani bila majina, hata mtoto wa shule atajua ya kuwa mikono ni mitatu. Nadhani walipata kutofautiana kwa sababu walionana. Maana aonaye kila siku jinsi mwenziwe anavyofanya hutambua mapema jambo lililo lake yeye.

Hata hivyo tusilisifu banda lile kupita kiasi. Mwalimu alipenda wanyama, msitu na mawindo, na picha nyingi za humo ni za namna hiyo. Mji wenyewe uliowazunguka, pamoja na moshi wa viwanda vyake vya shaba, haumo sana. Pengine wanafunzi wangependa kuuchora, pengine sivyo. Macho ya mtu mmoja, hata akiwa mwema, yanaweza kuwa ua lenye mlango mwembamba. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, na wanafunzi wake wakaingia katika chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mwaka 1951 mjini humo humo. Pilipili na Mwenze wakawa walimu wa wengine.

Mji ulichorwa baadaye, na watu ambao hawakuomba ruhusa kwa mtu. Katika miaka ya 1970 mitaa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ilikuwa na wachoraji wengi waliojifunza wenyewe. Walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakauza picha kwa watu wa kawaida, nao wakazitundika sebuleni. Wote walichora mambo yale yale: mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, askari wa wakati wa Wabelgiji akimchapa mfungwa fimbo, Lumumba amekamatwa. Hakuna aliyesema, «Hilo ni wazo langu, usiliguse.» Picha hizo zilikuwa ukumbusho, ndivyo wenyewe walivyosema, na ukumbusho ni mali ya jamaa nzima.

Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora kwa kuuza, kama wenzake, maana alikuwa na nyumba ya kulisha. Lakini ndani yake alikuwa na kazi kubwa zaidi: kuisimulia historia yote ya nchi kwa picha, tangu wazee wa zamani mpaka siku zake. Nani angenunua kazi ya namna hiyo? Mwenye sebule anataka picha moja, hataki mia. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, akamweleza nia yake. Tangu hapo akawa akimletea picha kwa mafungu. Kila mara waliziweka mbele yao, wakazungumza kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yao yakanaswa kwa mashine. Mchoraji alieleza kwa nini ameweka hiki hapa na kile pale, msikilizaji akauliza, mchoraji akaenda kuendelea. Hivyo zilipatikana picha zipatazo mia moja. Kitabu kilichotoka mwaka 1996 kina picha hizo pamoja na mazungumzo yao.

Nimelitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu moja. Historia ile isingaliweza kungoja mpaka imekwisha ndipo ionyeshwe. Isingalikwisha kamwe. Ilipata nguvu ya kuendelea kwa kuwa palikuwa na mtu aliyekaa, akatazama sehemu ya kwanza, akauliza, «Halafu?» Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zimepotea, wala haijulikani mwisho wake. Picha zenyewe ziko Amsterdam. Nasikia uchungu kidogo nikiandika hivyo, maana mtoto wa Lubumbashi atakaye kuziona kwa macho yake hana budi kuvuka bahari ile ile iliyovukwa na karatasi za Lubaki. Je, hapakuwa na mtu wa kwetu wa kuketi na kuuliza «Halafu»? Labda walikuwapo wengi, ila hawakuwa na fedha wala mashine.

Sasa turudi kwa kijana wetu mwenye daftari chini ya godoro. Ndiyo, aonyeshe. Fundi wa nguo hangoji kumaliza ndipo akuite. Hukuita wakati kitambaa kingali na pini, uvae, uinue mikono, naye aone panapobana. Akishona kwanza mpaka mwisho, kufumua kutaharibu kitambaa. Wanawake watarizio vitambaa vya meza huketi pamoja barazani, na kila mmoja aona mshono wa mwenziwe ukiwa nusu. Hakuna afunikaye kazi yake kwa aibu. Mbona mchoraji na mtunzi waone haya? Wazee walisema, Mficha uchi hazai.

Lakini aonyeshe kwa nani? Hapo ndipo watu wengi hukosea. Siku hizi kijana humaliza mistari mitatu, akaipiga picha kwa simu, akaituma kwa watu mia mbili. Hupata vidole gumba vingi, na hapati neno moja la kumsaidia. Hiyo ni safari ya Bukama kwenda Brussels kwa upesi zaidi. Twashauri watu wawili au watatu, walio karibu, wawezao kuja tena juma lijalo na kuona kama mkia wa chui umeongezwa. Mmoja awe mwenye kufanya kazi ya namna ile ile. Mwingine asijue lolote: shangazi, jirani, mdogo wako. Asiyejua sanaa huona makosa ambayo fundi ameyazoea.

Tena usiulize, «Je, ni nzuri?» Swali hilo humlazimisha rafiki aseme uongo au akuumize. Uliza hivi: «Unaona nini hapa?» Ukiwa umechora bibi yako akitwanga, naye rafiki akasema anaona mtu anayeomba msaada, umejifunza jambo kubwa juu ya mikono ya bibi yako, na hakuna aliyetukanwa. Kwa mchezo wa kuigiza, wape wenzio wausome kwa sauti, wewe ukae kimya. Mahali wanapokwama ulimi, hapo ndipo sentensi ni mbovu. Kwa wimbo, jaribu na sauti tatu tu kabla ya kuupeleka kwa kwaya nzima, maana kwaya ikisha kujifunza kosa, kuling'oa ni kazi ya miezi.

Na ninyi mnaoonyeshwa, mna kazi yenu. Msinyakue kalamu ya mwenzenu na kusahihisha juu ya karatasi yake. Mkono wenu ukiingia humo, picha si yake tena, wala si yenu. Semeni mnachoona kwanza, halafu mnachofikiri, na kama hamfikiri kitu, nyamazeni kwa upole. Msifu vilevile kwa kipimo. Wazee wanajua habari ya mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa baba na mama, neno moja tu, lakini zito. Mtoto aletapo karatasi yenye michoro ya nusu, yawezekana mmechoka, taa inaisha mafuta, na masomo ya hesabu hayajafanywa. Semeni, «Kwanza hesabu, kisha nitatazama.» Hilo ni neno la haki. Lakini mkiisha kusema, tazameni kweli. Kicheko cha wageni mtoto hukisahau. Kicheko cha baba yake mbele ya wageni huenda nacho mpaka uzeeni, na daftari hurudi chini ya godoro lisitoke tena. Tunawajua watu wazima wenye vipaji ambao hawajashika kalamu tangu siku moja ya namna hiyo.

Kuna pia walioandika kuuliza kama wanaweza kuweka pamoja kazi zao katika ukumbi wa parokia, zilizokwisha na zisizokwisha. Mwombeni padri nafasi na siku, na msitenge meza mbili. Changanyeni. Mtu akiona picha iliyotimia kando ya nyingine yenye mistari ya makaa tu, ataelewa kazi jinsi inavyokwenda. Mjini Lubumbashi maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili yalianza mwaka 2008, nayo yaliandaliwa na chama cha wasanii kiitwacho Picha. Jina lenyewe mnalielewa bila kamusi.

La mwisho ni juu ya karatasi za majaribio, kwani mmoja ameuliza kama azichome baada ya kumaliza. Asizichome. Nyuma ya kila karatasi aandike tarehe kwa kalamu ya risasi, pamoja na jina la aliyeionyeshwa na neno alilosema. Jina lake mwenyewe, kubwa na kwa rangi, aliweke chini ya picha siku atakapoiweka brashi chini na kukataa kuigusa tena.