Rubani na aanze bila injini

Kijana wa Kenya au Tanzania anayetaka kuwa rubani hukutana kwanza na ada. Mafunzo ya leseni ya urubani wa biashara hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na sehemu kubwa ya fedha hizo huishia kwenye mafuta na saa za kukodi ndege. Mzazi mwenye uwezo hulipa, asiye nao huuza shamba, na watoto wengine wote huiacha ndoto hiyo kabla hata hawajamaliza kidato cha nne. Naamini tumeanzia mwisho. Somo la kwanza la urubani halihitaji injini, wala halihitaji kampuni ya kuliuza. Linahitaji ndege isiyo na injini, yaani glaida, yenye viti viwili, uwanja wa nyasi, mwalimu anayejitolea, na kikundi cha watu walio tayari kuisukuma ndege hiyo kwa mikono kurudi mahali pa kurukia. Linahitaji klabu, na serikali zetu zingefanya vyema kuzipa klabu za namna hiyo ardhi na kanuni zinazotekelezeka kabla ya kufikiria chuo kingine cha bei ya juu.

Glaida ni ndege kamili, si mwavuli wala mchezo wa watalii. Hupandishwa angani kwa kuvutwa na ndege nyingine, au kwa winchi: injini iliyotegwa mwisho wa uwanja huzungusha ngoma, ngoma hukunja waya, na katika muda usiofika dakika moja glaida imefika mita 300 au 400 juu ya ardhi. Rubani huuachia waya, na kuanzia hapo mtaji wake ni kimo alicho nacho na hewa yoyote inayopanda atakayoipata. ASK 21, ndege ya Kijerumani ya mwaka 1979 ambayo klabu nyingi duniani huifundishia, husonga mbele mita 34 kwa kila mita moja inayoshuka. Cessna 172 iliyozimikiwa injini husonga kama 9. Juu ya kioo, mbele ya macho ya rubani, kumebandikwa kipande kifupi cha uzi wa sufu. Uzi ukilala sawasawa kuelekea nyuma, ndege inakata hewa vizuri. Ukipinda kushoto au kulia, mikono na miguu ya rubani haijapatana, na mwanafunzi huliona kosa lake papo hapo, kabla mwalimu aliyekaa nyuma yake hajasema neno. Sijui chombo kingine cha kufundishia urubani kilicho rahisi kiasi hicho na kinachosema ukweli kiasi hicho.

Kinachopunguza gharama ni klabu yenyewe. Ili glaida moja iruke, mtu mmoja hushika ncha ya bawa, mwingine hufunga waya, wa tatu huendesha winchi, wa nne hutazama anga kama kuna ndege inayokuja, wa tano huandika saa ya kuondoka na ya kutua. Wote ni wanachama, na kesho zamu hubadilika. Mwanafunzi anaweza kushinda uwanjani kutwa nzima akaruka mara tatu tu, tena kwa dakika chache. Wapo wanaouita huo upotevu wa muda. Mimi naona ndiyo shule yenyewe, kwa sababu mtoto aliyeshika mabawa ya wenzake wikendi nzima amejifunza kukagua ndege, kusoma mawingu, kusikiliza redio na kusema "simamisha" kwa sauti anapoona hatari, hata kama anayeruka ni mkubwa wake. Uingereza na Ujerumani humruhusu mtoto wa miaka 14 kurusha glaida peke yake. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinataka mwombaji wa leseni ya glaida awe na miaka 16 na saa 6 za kuruka, 2 kati ya hizo akiwa peke yake. Leseni binafsi ya ndege ya injini inataka miaka 17 na, kwa kawaida, saa 40. Klabu nyingi hudai zaidi ya kiwango hicho cha chini, na ni haki yao, lakini tofauti ya mzigo kwa mfuko wa mzazi iko wazi.

Historia nayo inaonyesha kwamba umaskini wa vifaa haukuzuia klabu hizi kuzaa maarifa. Baada ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kuibana Ujerumani katika utengenezaji wa ndege za injini, wanafunzi wake wa vyuo walipanda na glaida walizojitengenezea hadi mlima wa Wasserkuppe, na mwaka 1920 yakafanyika huko mashindano ya kwanza. Wanafunzi wa Hannover walirusha glaida ya Vampyr, iliyokaa angani zaidi ya saa moja mwaka 1922. Mwaka 1957 ikaruka fs 24, iliyobuniwa na wanafunzi wa Stuttgart, glaida ya kwanza duniani kuundwa kwa nyuzi za kioo. Mhandisi chipukizi anayepiga msasa bawa la klabu huelewa mambo ambayo ubaoni hayaingii kirahisi. Ni kweli pia kwamba miaka ya 1930 utawala wa Hitler ulizimeza klabu hizo na kuzigeuza chekechea ya jeshi la anga, na ndiyo maana nasisitiza ziwe mali ya wanachama, zenye katiba na uchaguzi wao.

Swali gumu zaidi ni kama mafunzo haya yana faida yoyote kwa rubani wa ndege kubwa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilipoishiwa mafuta ikiwa futi 41,000, kwa sababu mafuta yalipimwa kwa ratili badala ya kilo. Kapteni Robert Pearson, aliyekuwa rubani wa glaida, aliiteremsha ndege ile kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada. Alipoona amekaribia akiwa juu mno, aliilaza upande makusudi ili ipoteze kimo bila kuongeza mwendo, mbinu ambayo kila mwanafunzi wa glaida huijua. Watu wote 69 walitoka hai. Ningeishia hapo ningekuwa nimechagua ushahidi unaonipendeza. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France, safari namba 447, ilianguka katika Bahari ya Atlantiki na kuua watu 228, baada ya rubani aliyeshika usukani kuendelea kuinua pua ya ndege ambayo mabawa yake yalikuwa yameshindwa kuibeba. Kushusha pua katika hali hiyo ni somo la mwanzo kabisa kwenye glaida. Hata hivyo ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa inaonyesha kwamba rubani huyo alikuwa na leseni ya glaida.

Nimelitafakari hilo, na halinifanyi niache hoja yangu, linanifanya niinyooshe. Leseni ni karatasi. Mkono husahau usipotumika, na vitisho vya usiku, mlio wa kengele na vipimo vinavyopingana humnyang'anya mtu hata alichokijua. Kwa hiyo sipendekezi cheti kingine cha kuongezwa kwenye faili la mwombaji kazi. Napendekeza mahali ambapo mtu hurudi wikendi baada ya wikendi, hata akishaajiriwa, akarudia makosa yaleyale mbele ya wenzake hadi mwili uzoee. Cheti kinaweza kununuliwa kwa kozi ya wiki chache. Mazoea hayo hayapatikani ila ndani ya klabu.

Glaida huua, na atakayemwambia mzazi vinginevyo asikabidhiwe mtoto. Waya wa winchi ukikatika ndege ikiwa imeinua pua, rubani ana sekunde chache za kufanya jambo sahihi. Uingereza ilipoona ajali hizo zinajirudia, chama chake cha glaida kilianza mwaka 2005 kampeni ya kufundisha upya urukaji wa winchi katika klabu zote, na vifo vya aina hiyo vikapungua sana. Hatari hii hupungua inaposemwa waziwazi na kuandikwa. Kuhusu dai kwamba huu ni mchezo wa Wazungu, watu wa pwani wamevuka bahari kwa kaskazi na kusi kwa karne nyingi. Elimu ya kusafiri kwa kusoma upepo haikuletwa kwetu na mgeni.

Tena anga letu lina sifa ambazo wengine huzifuata mbali. Colin Pennycuick, mwanasayansi Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alizunguka Serengeti miaka ya mwanzo ya 1970 kwa glaida yenye injini ndogo, akiwafuata tumbusi, korongo na mwari ndani ya hewa ya moto inayopanda, ili ajue wanavyosafiri masafa marefu bila kupiga mabawa. Kenya imewahi kuwa na klabu ya glaida huko Mweiga, kati ya Aberdare na Mlima Kenya. Ugumu upo: kwenye nyanda za juu hewa ni nyepesi, mwendo wa kurukia huwa mkubwa zaidi na uwanja unatakiwa mrefu, na msimu wa mvua mawingu ya radi si ya kuchezewa. Hayo huamua saa na mahali pa kuruka. Asubuhi, hewa ikiwa imetulia, ni ya wanaoanza. Mchana ni wa waliokomaa. Na uwanja uwe mbali na njia za ndege zinazoingia viwanja vya Wilson au Kilimanjaro.

Kijana atauliza kama glaida itampa ajira. Haitampa. Itamwonyesha mapema, kabla shamba halijauzwa, kama kweli anaipenda kazi hii na kama ana nafasi ndani yake, na jibu la "hapana" likipatikana akiwa na miaka 15 limeiokolea familia akiba ya miaka mingi.

Kikwazo kikubwa kwa sasa ni walimu. Glaida iliyotumika hununulika na kuletwa kwa kontena, na fundi hodari wa magari makubwa anaweza kuitunza injini ya winchi, lakini mwalimu wa glaida hulelewa kwa miaka. Afrika Kusini ina klabu hai zenye walimu, na hakuna sababu ya mamlaka za usafiri wa anga za Nairobi na Dar es Salaam kutodhamini marubani wachache wakakae huko msimu mzima, kwa sharti kwamba wakirudi watafundisha wikendi kwa miaka kadhaa. Ndege ya kwanza inunuliwe wao wakishakuwepo, na wao ndio waichague.